Makofi ya Fundi wa Rwezamenyo

Nikiwa mtoto, baba alinunua kondoo wa sikukuu ya Idi kule Gisozi, na kondoo akakataa kuvuka daraja. Tulimvuta kamba, tukamsukuma matako, wapi! Hakupiga teke wala hakulia. Alilala tu chini kama mtu aliyefika kwake. Mwisho baba akambeba mabegani, jasho linamtoka, na wapita njia wanacheka: "Leo nani anampeleka nani?" Kondoo tulimla, ndiyo. Lakini swali lile lilinibakia, na mimi shule niliishia darasa la pili, maswali sina pa kuyapeleka.

Nilikuwa nataka kusema nini? Fundi. Tulishona baraza moja pale Rwezamenyo, mtaani kwetu Kigali, mimi na mzee mmoja, cherehani yake na yangu zimegusana. Ndiye aliyekuwa akipiga dufu kwenye maulidi na harusi zetu. Mtaa mzima tulijifunza makofi kwa kuitazama mikono yake.

Basi zikaja siku za animasiyo: kila wiki mtaa unakusanyika uwanjani kuimba na kucheza, kumsifu rais na chama. Chama kilikuwa kimoja, ukizaliwa tu umo. Mzee alikuja kama sisi, akasimama, mdomo kaufunga. Mkuu wa seli yetu, yaani kiongozi wa mtaa, akamwendea.

"Muzehe, mbona huimbi?"

"Sauti yangu nimeiweka kwa adhana, bwana mkubwa. Ikikauka, mtaa utachelewa kuswali."

Watu wakacheka.

"Sawa, sauti iko ya msikiti. Na mikono? Mikono iko ya nani?"

"Mikono haina neno."

Akamweka mstari wa mbele apige makofi. Hapo ndipo alipokosea. Siku walipokuja wageni wa Kiyovu, wale wakubwa wenye magari, mzee alianza polepole, halafu makofi yakageuka ya maulidi. Hakutuamuru mtu, miguu yenyewe ilimfuata. Akina mama wakayumbisha mabega, jina la rais likaelea juu ya mapigo ya kasida. Wageni nao wakapiga makofi, wamefurahi kabisa.

Mkuu wa seli hakufurahi; yeye alijua sifa za rais zimegeuzwa maulidi. Kesho yake alikuja barazani: Jumapili mzee ataimba peke yake katikati ya uwanja, ama ruhusa yake ya kukaa Kigali inafutwa. Enzi hizo bila ruhusa unarudishwa kijijini kwenu, na mzee kijiji hana. Babu yake alifika hapa na mzigo wa nguo kutoka pwani.

"Utaimba?" nikamuuliza.

"Nipe mkasi," akasema.

Nikampa. Akakata suruali ya mteja, imenyooka. Wiki nzima nilikuwa namchungulia kuliko kushona. Serikali nzima na mtu mmoja asiyepiga kelele: hapo nani atambeba nani?

Jumapili akaitwa, akaingia katikati. Akatutazama, akaweka kofia yake sawa, kisha akapitiliza upande wa pili. Watu wakampisha. Akashika njia ya kuteremkia Nyabugogo, ile ya kutokea mjini.

"Muzehe! Unakwenda wapi? Bado hujaimba!"

Ndara moja ilimvuka. Akasimama, akaivaa taratibu, akaendelea. Cherehani yake ilibaki imegusana na yangu. Hakurudi tena.