Habari Niliyokataa Kuisoma Malindi

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu hakunipa kalamu wala kiti. Alinipa tarumbeta ya bati, ile ya kupazia sauti, akaniambia nisimame uani nisome bei ya vitunguu mpaka aisikie ndani, dirisha likiwa limefungwa. Nikasoma kwenye ukungu na baridi ya Lushoto. Hatimaye akafungua dirisha akasema, "Sauti unayo. Ila usisome kama mtu anayeomba."

Nawaeleza ninyi mnaopata habari za dunia nzima mkiwa bado kitandani: wakati wa Mwingereza, ofisi yetu ya serikali ilikuwa na karani wa habari, na karani huyo nilikuwa mimi. Kila wiki Karani Mkuu, mzee wa Tanga aliyevaa kanzu nyeupe hata siku za matope, alipiga chapa karatasi yenye sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa bei za mazao. Ya pili ilikuwa mambo ya serikali. Ya tatu tuliiita "nyumbani": kuchemsha maji ya kunywa, kufuma soksi za mtoto, kupandikiza mipeasi, yaani kukata kijiti cha mti mzuri na kukifunga kwenye shina la mti mwingine mpaka vishikane. Nilizunguka nayo soko kwa soko. Nilisoma aya kwa Kiswahili, nikanyamaza, kisha nikaieleza kwa Kishambaa. Kule kunyamaza tulikuita kituo, na hapo ndipo watu walipouliza maswali. Serikali ilipenda sehemu ya pili. Watu walipenda ya tatu. Kwa soksi tu, kina mama wangenishikilia mpaka soko livunjike.

Walikuwa wakiniletea zawadi pia, ndizi mbivu, mayai yaliyofungwa kwenye majani. Karani Mkuu alipoona akanikemea.

"Mtumishi wa serikali hapokei zawadi."

"Bwana Karani, na yai la mama mkwe?"

Akafikiri kidogo. "Hilo kula. Lakini usilile mbele yangu."

Miaka ile serikali iliamuru kila shamba lilimwe kwa matuta ili mvua isichukue udongo. Udongo ulikuwa unakwenda kweli, hilo sikatai. Lakini mashamba yetu ni madogo na yako mteremkoni, na jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake. Aliyechelewa alipelekwa barazani kuhukumiwa. Watu walikuwa na uchungu, nami ndiye niliyetumwa kuwasomea kwamba wana furaha.

Nilikuwa nimepanga chumba Lushoto, mke wangu na watoto wakiwa nyumbani Malindi, kijiji cha huku huku milimani, si ile ya pwani. Jumamosi moja nilipanda lori la mboga nikaenda kwao. Nilimkuta mke wangu, Mama Hoza, anachambua mchicha, hakuinua uso.

"Jumbe amepita na askari wake," akasema. "Kila nyumba imetoa maharage. Eti zawadi ya Bwana Shauri, kumshukuru kwa matuta."

Bwana Shauri ndilo jina tulilomwita Mwingereza aliyesimamia mabaraza upande wetu; jumbe alikuwa mkuu wa kijiji chini yake.

"Mmetoa maharage yapi?"

"Unauliza yapi? Ya mbegu. Mengine tuliyaona wapi mwaka huu?"

Jumatatu nilipopewa karatasi ya wiki ile, sehemu ya pili ilisema wanawake wa Malindi, kwa furaha yao wenyewe, wamemtunza Bwana Shauri maharage. Nikamwendea Karani Mkuu.

"Shikamoo, Bwana Karani. Habari hii ina uongo."

"Marahaba. Habari hii ina mhuri."

"Mke wangu ni mmoja wa hao wenye furaha. Nimetoka kumwona."

Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mwanangu, wewe ni kinywa cha ofisi. Soma, shuka, nenda kapandikize mipeasi yako. Una watoto."

Siku ya soko la Malindi, Bwana Shauri alikuja mwenyewe. Magunia ya maharage yalikuwa yamepangwa kwenye baraza ya nyumba ya jumbe yakingoja lori. Nikapanda juu ya sanduku, nikasoma bei. Nikafika sehemu ya pili. Nikaona nyuso za wanawake wale, na Mama Hoza kati yao amefunga kanga kiunoni. Nikanyamaza. Watu wakadhani ni kituo.

"Karani, soma," akasema Bwana Shauri.

"Siwezi, Bwana Shauri."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Maharage haya hayakutolewa kwa furaha. Yalichukuliwa, na ni ya mbegu."

Nikayarudia maneno hayo kwa Kishambaa, kwenye tarumbeta, polepole, kama nilivyofundishwa.

Jumbe akaruka akitaka kuninyang'anya tarumbeta. Mama Hoza akamtangulia, akasimama mbele ya Mwingereza. "Shikamoo, Bwana. Mimi ni mke wake. Gunia langu ni lile lenye kiraka chekundu. Kama ni zawadi, basi mimi ndiye mtoaji, na mimi sijatoa."

Bwana Shauri akamgeukia jumbe. Jumbe akatazama viatu vyake. Mwingereza yule akawa mwekundu shingo nzima, akaingia kwenye gari bila kuaga. Vumbi halijatulia, wanawake walikuwa wamekwisha fika kwenye ile baraza, kila mmoja akijitwika gunia lake. Askari hakuthubutu kugusa hata moja. Mvua za kwanza zilipoanguka, Malindi ilipanda.

Mimi niliitwa ofisini. Bwana Shauri alitaka nirudi Malindi nikatangaze kwamba nilikuwa nimekosea kusoma. Nikakataa hilo nalo. Nikashushwa cheo, nikapelekwa Mazinde chini kwenye joto, kazi yangu kuandika majina juu ya mizigo. Nilipobishana na msimamizi wa huko juu ya kibarua aliyepigwa, nikahamishiwa Kwamkoro, kwenye chai na mvua isiyokatika. Huko hapakuwa na tarumbeta. Jioni niliwasomea wachumaji gazeti kwa mdomo mtupu, bila kutumwa na mtu.

Nimestaafu zamani. Ninayo mipeasi yangu, na Jumapili tukitoka kanisani majirani huja tubishane habari za dunia. Mwaka juzi mwanangu wa mwisho, aliyezaliwa Kwamkoro, aliniambia makarani wenzangu walijenga nyumba za mabati nikiwa bado kwenye nyumba ya nyasi; je, sikujutia?

Nikamwambia: "Umekulia kwenye nyumba iliyovuja, kweli. Lakini hukuwahi kusikia baba yako akinong'ona ndani yake. Na hata leo, wakiniletea karatasi ile, wataondoka nayo."