Nukta Tatu za Kesi ya Ishirini

Mimi ni mtu wa majivuno, na sioni sababu ya kulificha hilo. Najivunia mikono yangu, ambayo imepokea watoto wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Najivunia viatu vyangu vyeupe, ambavyo navipaka rangi kila Jumapili hata kama kesho yake mvua itavipaka tope la Kyebando kabla sijafika kazini. Lakini ninachojivunia kuliko vyote ni daftari kuukuu lenye jalada la buluu, na ndani yake ukurasa mmoja uliokatwa kwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

Kila mwanafunzi wa ukunga chuoni kwetu alipewa daftari kama hilo. Lilikuwa na kurasa ishirini, ukurasa mmoja kwa kila mama utakayemzalisha kwa mikono yako huku mkunga aliyehitimu amesimama nyuma yako. Mtoto akishalia na mama akishasafishwa, mkunga anatia sahihi. Bila sahihi ishirini hufanyi mtihani wa mwisho, na ukiukosa unasubiri nusu mwaka mpaka mwingine.

Kwa hiyo tuligombania akina mama. Mama akitokeza tu mlangoni mwa leba na beseni lake la pamba, glovu na karatasi ya plastiki, wanafunzi watatu wanamrukia. Ukiwahi kumpima na kuandika jina lako juu ya karatasi yake, umembuku, na hakuna wa kukunyang'anya. Mwenzangu mmoja alikula ugali wake wa posho amesimama kando ya kitanda wiki nzima asije akapokonywa.

Mimi waliniita Afande. Mama yangu ni Mkenya aliyekuja kuuza nguo za mitumba Kasubi kabla sijazaliwa, na nyumbani tulizungumza Kiswahili. Wenzangu walisema hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi, basi nikipita koridoni wananipigia saluti. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Wiki ya kufunga orodha ya mtihani nilikuwa na kesi kumi na tisa. Mama yangu alikuwa ameshashona gomesi, gauni la sherehe, ya kuvaa siku ya mahafali, na kila kibanda cha soko kilikuwa kimeonyeshwa. Asubuhi moja akaingia mama mmoja Mkongomani, mimba ya pili, hajui Kiganda wala Kiingereza. Wenzangu wakarudi nyuma. "Huyo mpeni Afande," wakasema. Nilimbuku kwa furaha isiyo kifani.

Mama akiwa katika uchungu, mkunga hujaza karatasi iitwayo patografu. Kila nusu saa unaweka kipembe cha kusikilizia tumboni, unategesha sikio, unahesabu mapigo ya moyo wa mtoto, kisha unatia nukta mahali pake. Nukta zikiungana zinachora mstari, na mstari ndio unaokuambia mtoto anaendeleaje huko ndani. Nukta za kwanza nilizitia vizuri. Kisha nikasikia kwamba mkunga aliyesimamia kesi yangu ya kumi na saba, na ambaye hakuwa ametia sahihi bado, anaondoka likizo siku hiyo hiyo.

Nilikwenda kumtafuta jengo la pili. Alikuwa mkutanoni. Nikasimama mlangoni na daftari langu kifuani, nikijiambia dakika tano tu, nyingine tano tu. Nilirudi leba baada ya saa moja na nusu, sahihi ninayo.

Patografu ilikuwa na pengo la nukta tatu. Nikachukua kalamu nikazitia zote kwa mkupuo, moja juu kidogo, moja chini kidogo, zifanane na za kweli. Sisi wenyewe tuliita jambo hilo kupika, na hakuna aliyekuwa hajawahi kupika. Ilikuwa mistari mizuri, hilo naweza kuapa.

Kabla sijainua kipembe, sista mkuu wa wodi alikuwa amefika. Alikuwa mama wa Kiganda, mfupi, mpana, asiyepoteza maneno. Aliitazama karatasi, akachukua kipembe chake mwenyewe, akainama. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Aliponyanyuka alimlaza mama kwa ubavu wa kushoto na kumtuma mwanafunzi mwingine akamwite daktari mbio. Ndipo akaniambia kwa Kiganda, taratibu, "Muulize, mara ya mwisho mtu kumsikiliza mtoto ilikuwa lini?"

Nikamuuliza. Yule mama akajibu huku akivuta pumzi, "Tangu ile mama ya chai apite, hakuna mutu alinigusa tumbo."

Mama wa chai, yule anayeuzia wodi nzima, alipita saa nne. Sasa ilikuwa karibu saa sita.

Katika wodi nzima ni mimi peke yangu niliyeelewa. Kiswahili cha sista kiliishia kwenye "jambo" na "kuja hapa", alichojifunza kwa askari wa vizuizini zamani. Ningeweza kusema, amesema nusu saa iliyopita. Nani angenibishia? Sahihi yangu ya ishirini ilikuwa kwenye kitanda kile. Nilimtazama mama yule. Alikuwa amenishika mkono akinitazama usoni kwa imani, maana mimi ndiye nilikuwa mdomo wake mahali pale. Nilijisikia mchafu kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyeupe.

"Amesema tangu mama wa chai apite," nikasema. Kwa kuwa nilijua ataniuliza, nikaongeza, "Nukta tatu za mwisho nimezipika, sista."

"Lete glovu," akasema.

Daktari alimtoa mtoto kwa kumvuta. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni mara mbili. Alikuwa msichana, amelegea, rangi si yake, na sista akamsugua mgongo mpaka akapiga ukelele. Nililia naye, sikuona haya. Baadaye sista aliomba daftari langu, akalaza rula kwenye ukurasa wa ishirini, akachora mstari mwekundu. "Huu si wako," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa akikunja suruali za kupeleka sokoni. Nilimweleza yote. Alikunja kwanza suruali nyingine tatu.

"Kwa hiyo sista hukumdanganya?"

"Karatasi ndiyo niliyoidanganya, mama. Yeye hapana."

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "na wewe umegeuza kabla ya kufika mwisho wake. Shukuru Mungu mtoto yuko hai." Akainuka, akaitoa gomesi msumarini, akaikunja na kuitia sandukuni. "Gomesi haiozi."

Majirani walipomuuliza, aliwaambia bila kupepesa macho kwamba binti yake anarudia kesi moja.

Wenzangu walifanya mtihani, mimi nikarudi leba. Kila aliyeletwa akizungumza Kiswahili, awe Mkongomani, Mkenya au mke wa askari, sista aliniita nimsemee, na hakuna aliyenipigia saluti tena. Kubuku niliacha. Nilisubiri kupewa.

Mama niliyepewa mwishowe alichukua siku nzima. Nilivuta stuli kando ya kitanda, na isipokuwa haja ndogo, sikubanduka. Chai yangu ilipoa mpaka ikafanya utando. Sista alipita akipanga mashuka, akapita tena akihesabu chupa za dawa, kana kwamba hanioni. Saa kumi alasiri mtoto wa kiume alishuka mikononi mwangu akilia kabla hajamaliza kutoka, na nukta zangu zote zilikuwa za kweli, nyingine mbaya kwa kuchora, zimepinda pinda.

Tulipofungua daftari, hapakuwa na ukurasa uliobaki. Sista aligeuza mpaka ndani ya jalada, akapiga mistari kwa rula, akajaza kila kitu kama inavyotakiwa. Kwenye kurasa nyingine zote, mahali pa maoni ya msimamizi, wakunga waliandika neno moja: Vizuri. Yeye alishika kalamu akafikiri kidogo, kisha akaandika: Nimemwona akisikiliza.