Salamu Kila Sekunde Kumi

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha kwamba ruta, kile kisanduku cha kupitisha habari za mtandao, haizaliwi ikiwajua jirani zake. Ikishawashwa, huanza kutoa salamu: mimi fulani, nipo. Jirani akiisikia, naye hutoa salamu yenye jina la aliyemsalimu, na hapo ndipo wanapoanza kupashana habari za njia. Salamu hizo hurudiwa kila sekunde kumi, na jirani akinyamaza sekunde arubaini, huhesabiwa hayupo tena. Darasa zima liliandika. Mimi nilicheka mpaka nikatolewa nje. Kila sekunde kumi, jamani. Hata mposaji aliyekataliwa mara saba hapigi hodi namna hiyo.

Basi shangazi yangu, mwenye duka la leso Ndia Kuu na ghala karibu na Marikiti, alinipa kazi yangu ya kwanza: niunganishe pahali hapo pawili, ili akiwa dukani aone leso zilizobaki ghalani. Nikajitia adabu. Ruta ya ghalani niliiacha kama ilivyotoka kiwandani. Ya dukani, kwa kuwa itakaa na watu wenye heshima zao, niliipunguzia udhia: isalimu kila sekunde thelathini.

Zikakataa kujuana. Nikalaumu nyaya, nikalaumu antena za paani, nikalaumu kunguru wote wa Mombasa. Siku tatu nilikwenda na kurudi Marikiti kwa miguu, nikipishana na mikokoteni ya viazi, hata soli za viatu vyangu zikawa nyembamba kama chapati za maji. Shangazi naye alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mwana wa nduguye ni mtaalamu.

"Alhamisi adhuhuri," akaniambia kwa upole uliouma, "kama bado, yule fundi wa ofisi za bandarini atakuja, nimekwisha kumwambia. Sipendi, lakini biashara yataka kwenda."

Alhamisi asubuhi nilikuwa chini ya meza ya duka, nachomeka waya uliokwisha kuchomekwa mara elfu, jirani wa ng'ambo ya njia, bibi muuza udi, alipofungua mlango wake.

"Subalkheri," akaita.

"Subalkheri," shangazi akaitikia. "Goti laonaje?"

"Lipo, alhamdulillahi. Na wajukuu?"

"Wanila nyama tu kwa utundu wao."

Nikauliza kutoka chini ya meza, "Shangazi, hamchoki? Jana yalikuwa hayo hayo. Ijumaa kwa Ijumaa si yatosha?"

"Yeye aniamkie kila siku, mimi nimwamkie Ijumaa kwa Ijumaa? Atajua nimemkasirikia. Wala hatauliza, atafunga dirisha lake basi. Salamu ni mwendo mmoja, mwanangu. Kwani wewe ulilelewa wapi?"

Niliinuka kwa pupa nikagonga kichwa, meza ikaruka hadi Feri. Majira ya salamu ya ruta mbili lazima yalingane, la sivyo kila moja huipuuza nyenziwe. Mwalimu bila shaka alilisema hilo nilipokuwa nje nikicheka.

Nikairudisha ya dukani kwenye sekunde kumi. Sijamaliza kujipangusa vumbi, zikawa zimejuana, na orodha ya ghala ikajaa kwenye skrini. Shangazi alivaa miwani, akaipitia mstari kwa mstari, kisha akachukua simu.

"Fundi, usije leo," akasema. "Nina wangu. Mzito kidogo wa kichwa, lakini nimemzoea."