Nakshi kwenye Buibui la Bi Khadija

Mimi ndiye msimamizi wa usafi katika nyumba moja ya wageni hapa Amu, na mimi ndiye niliyewakataza wenzangu kuhamisha dawa kutoka chombo chake. Niliwaambia kwa ukali, kidole juu.

Juzi dumu la dawa kali ya kutoa madoa lilikuwa zito, nami mgongo unaniuma. Nikamimina kidogo kwenye chupa tupu ya marashi, nikaiweka kabatini, nikasahau.

Alasiri wakaja wakwe watarajiwa wa mwenye nyumba. "Bi Rukia, wageni hao, wanyunyizie marashi," akaniita. Nikajaza mrashi, kile chombo cha kunyunyizia, kutoka chupa ya kwanza ya marashi niliyoiona kabatini. Harufu sikuishuku, maana nyumba nzima ilikuwa imepigwa deki kwa dawa hiyo hiyo.

Nikaanza na Bi Khadija, mama wa mchumba, nikamnyunyizia mabegani kwa madaha. Kisha nikaleta kahawa na halua. Niliporudi kuondoa vikombe, mabega yake yalikuwa yamejaa vidoa vya rangi ya kutu, vimetawanyika kama maua.

"Mashaallah," nikasema, nikitaka kumfurahisha, "nakshi hii umeshonewa wapi?"

Akajitazama bega. "Nakshi ipi? Buibui hili ni jeusi tupu. Nimelivaa yeo mara ya kwanza."

Mwenye nyumba akauchukua mrashi, akaunusa, akaniangalia. Mlangoni walikuwa wamesimama wenzangu wa usafi, na mmoja wao, taratibu, akainua kidole juu, vile vile ninavyokiinua mimi.