Jiko Langu Halivunjwi

Mwanangu wa kwanza alipokuja kuniambia jiko langu la nje litavunjwa, alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani, kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Mama, umri umekwenda. Upumzike. Chakula mkwe wako atakuwa anakuletea. Pale tujenge chumba, tumpangishe mtumishi wa serikali. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana nani na nani?"

"Mimi na wadogo zangu."

"Jiko ni la nani?"

Akaangalia kofia.

"Haya," nikasema. "Jumapili njooni mle. Mkishakula, mvunje."

Nilisema kwa hasira tu. Shule niliishia darasa la pili, lakini waliokula katika jiko lile nawajua wote kwa majina, wazima na marehemu. Hapa sitaji hata mmoja, ila wamo kichwani. Mwanamke asiye na moto wake huku kwetu anaitwa mgeni, hata akiwa ndani ya nyumba aliyoijenga na mumewe.

Sasa niwapikie nini? Ugali wangu wanaujua. Nyama yangu ya kuchemsha na likolo langu, yale majani ya maboga yenye karanga, wamekula tangu hawana meno. Nilitaka kitu cha kuwafunga midomo. Jirani yangu, mwalimu wa kike aliyehamishiwa Songea kutoka Tanga, akipika nyama harufu inaruka ukuta. Nikamwita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nifundishe ile nyama."

Akanielekeza. Kaanga nyama mpaka iwe ya kahawia, tia vitunguu na tangawizi, maji kidogo yasiifikie juu, panga mboga, funika, kisha weka makaa juu ya mfuniko, chini pia moto mdogo. "Halafu uiache, bibi. Usifunguefungue."

Nikafanya vyote, nikaongeza na karanga za kutwanga, kwa sababu kwetu mboga bila karanga ni mboga ya mgonjwa. Lakini karanga zikishaingia sufuriani hukai mbali, unakoroga, vinginevyo zinashika chini. Na sufuria yenyewe imefunikwa, ina moto kichwani. Nakoroga wapi? Moshi ndio uliomwita mwalimu.

Akachungulia. "Bibi, hii hata paka atasema ameshiba."

"Nyamaza wewe."

"Karanga nilizitaja mimi?"

"Ulisahau."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Akasema niziache kabisa. Nikamwambia jiko hili halijawahi kupokea amri kutoka Tanga. Kesho yake nikapika tena, karoti, nyanya chungu, kabichi vipande vinene, nyama yenye mfupa. Nyama ilipolainika nikaondoa makaa juu, ndipo nikatia karanga, nikakoroga mpaka mchuzi ukashika mwiko, nikaipua. Mwalimu akaonja. Akaonja tena. Akaenda kwake kuleta bakuli.

Jumapili wakaja. Mwanangu alimega tonge la kwanza akiwa anazungumza habari za mafundi. La pili hakuzungumza. Mkwe wangu akaniuliza polepole, "Mama, umeweka nini humu?" Nikamwambia aje jikoni nimwonyeshe, jiko bado lipo. Watoto wakafuta sufuria kwa ugali.

Mwanangu akanawa mikono, akatabasamu. "Mama, umetushinda. Kwa chakula hiki, jiko libaki."

Wote wakafurahi. Nilipaswa kufurahi na mimi, maana ndicho nilichotafuta wiki nzima machozi ya moshi yakinitoka. Lakini lile neno halikunipendeza.

"Kwa chakula hiki?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Kitamu sana."

"Na siku kikiungua, utalivunja?"

"Mama, mimi nakusifu."

"Sitaki sifa. Jiko ni langu nikipika vizuri, ni langu nikipika vibaya, ni langu nikiamua kulala njaa. Hukunipa wewe, basi usinirudishie wewe. Sema halivunjwi, basi. Usiingize na chakula."

Mkwe wangu alikuwa anapangusa mkeka ambao haukuwa na uchafu.

"Halivunjwi," akasema mwanangu.

"Umesema."

Jumapili iliyofuata wakaja tena bila kualikwa, midomo iko tayari. Nilikuwa najaribu mbavu za mbuzi na boga, kitu nilichojitungia mwenyewe. Boga liliyeyuka lote, mbavu zikabaki ngumu, na tangawizi nilizidisha. Mwalimu alikuwa ameshaniambia kupitia ukutani kwamba nisiwape watu. Nikapakua, nikamwekea mwanangu sahani iliyojaa.

Akatafuna muda mrefu. Akaniangalia. Nami nikamwangalia.

"Kuna chumvi?" akauliza.

"Ipo jikoni," nikamwambia.

Akainuka, akaenda kuichukua.