Bi Shaka na Seva Isiyougua

Kila asubuhi, kabla hajaweka hata mkoba mezani, Bi Shaka aliwajulia hali wanne: seva tatu na baba yake mzazi. Seva aliziangalia kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ukutani, kila moja na taa yake, na taa ikiwa ya kijani maana yake haijambo. Baba alimpigia simu. Kila siku wote wanne walimjibu kwamba ni wazima, na kati ya hao wanne alimwamini mmoja tu.

Jina la Bi Shaka hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake wa hospitali alikofanya kazi, na kusema kweli hawakumwonea. Lifti alikuwa haipandi mpaka kwanza aone mtu ametoka ndani yake salama. Mlango akishaufunga, anausukuma. Akifika ngazini, anarudi kuusukuma tena. Mumewe alipenda kuwachekesha wageni kwa kusema kwamba siku ya posa alihojiwa kama mshtakiwa, na mpaka leo hajasomewa hukumu.

Kwa kazi yake, ugonjwa huo ulikuwa sifa. Yeye ndiye aliyetunza mitambo ya kumbukumbu za wagonjwa. Daktari akifungua kadi ya mgonjwa kwenye kompyuta, au mtoa dawa akitaka kujua ni dawa gani itakayomdhuru mgonjwa, ombi hilo hukimbilia chumba kidogo chenye baridi kali ghorofa ya pili, zilikokaa seva tatu walizozibatiza Moja, Mbili na Tatu. Zote zilifanya kazi ileile. Kidole kimoja hakivunji chawa: moja ikizidiwa, nyingine zinaisaidia, na ikianguka kabisa, wenzake wanaubeba mzigo wake bila mtoa dawa dirishani kujua kwamba kuna aliyeanguka.

Mbele yao alikaa Bawabu, mashine ya nne, ambaye kazi yake ni kupokea maombi na kuyagawa. Kila baada ya sekunde tano Bawabu huiuliza kila seva, "Hujambo?" Ikijibu, "Sijambo," anaipa kazi. Isipojibu, anaipita. Na akiona mmoja anamaliza kazi upesi kuliko wenzake, huyo ndiye anayemrundikia.

Tatu ilikuwa mgeni. Ililetwa miezi miwili nyuma na fundi wa mkataba, baba mmoja mwenye upara unaong'aa na maneno matamu, anayeita kila mashine "mtoto wangu." Tangu ifike, Tatu haikuwahi kuzidiwa. Moja na Mbili zikifika mchana zilihema. Tatu ilijibu kama ndiyo kwanza imeamka. Mkuu wa idara aliichapisha michoro yake kwa rangi na kuipeleka mkutanoni.

"Nusu ya maombi yote ya mchana anayabeba yeye peke yake," mkuu alisema. "Mama, hata hapa una shaka?"

"Mkuu, punda anayebeba mzigo mzito na hatoi jasho, mimi namfunua kwanza gunia."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliporudi mezani alianza kumwandikia mkuu barua: kwamba fundi wa mkataba amefanya ujanja ndani ya Tatu ili takwimu zipendeze, kwamba anaomba achunguzwe. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na ule upara, na lile neno "mtoto wangu," na kwake hivyo vilitosha kuanzia.

Jumanne ile, barua ikiwa bado nusu, kaka yake mkubwa alimpigia simu. Baba yao alikuwa mwashi mstaafu, na tangu mama yao afariki aliishi peke yake kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, mwendo wa saa tatu kutoka mjini.

"Mdogo wangu, nimetoka kumwona baba," kaka alisema. "Hayuko sawa. Naona tumhamishe, akae kwangu au kwako."

"Ana nini?"

"Hakunisindikiza."

"Nini?"

"Nilipoaga, hakunisindikiza. Alibaki kwenye kiti. Wewe umewahi kumwona baba anaagana na mgeni akiwa amekaa? Hata mdai alikuwa anamfikisha barabarani."

"Labda umemchosha na maneno yako."

"Sitanii."

"Nami sitanii. Nimeongea naye leo asubuhi, mzima. Simu haiiti mara mbili, keshapokea. Mgonjwa gani huyo anayepokea simu mbio hivyo? Wewe ndiye unayeenda mara moja kwa miezi mitatu, halafu unakuja na habari za kumhamisha. Na nyumba je, ataihamia nani?"

Kisha kaka akasema polepole, "Kumbe ndivyo unavyoniona." Akakata.

Basi Bi Shaka alikaa na shaka zake mbili mezani, moja ya fundi na moja ya kaka, akazinyonyesha zote. Kwamba mtoto wa kwanza anaitamani nyumba ya baba, hilo halikuwa geni duniani. Asubuhi iliyofuata alimpigia mzee hata kabla ya kuutazama ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hata mlio wa kwanza ulikuwa haujaisha.

"Umeamkaje?"

"Salama kabisa. Mzima kama chuma."

"Na mpapai wako?"

"Umezaa mpaka unaona haya."

Bi Shaka akacheka, akakata simu, akamwamini baba yake bila ushahidi na kumhukumu kaka kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha. Ukutani taa tatu zilikuwa za kijani.

Siku hiyo, Jumatano, ilikuwa siku ya jaribio. Mara moja kwa mwezi, saa nane mchana foleni zinapopungua, alikuwa anaiangusha seva moja makusudi kuona kama wenzake watabeba. Wengine huombea mitambo isianguke. Yeye aliiangusha mwenyewe, maana anguko la kujitakia hukupa muda wa kutazama. Alimpigia mtoa dawa wa dirisha la kwanza kumtahadharisha, akaizima Moja.

Kwenye kioo mambo yalikwenda kama harusi. Taa ya Moja ikawa nyekundu, Bawabu akaipita, maombi yakageukia kwa Mbili na Tatu. Tatu ikayapokea mengi zaidi na kuyamaliza upesi zaidi. Hakuna lalamiko. Alikuwa karibu kuandika kwenye daftari kwamba jaribio limefaulu, simu ya mezani ikalia. Alikuwa mtoa dawa.

"Mama, leo inatubidi tubonyeze mara nne, mara tano."

"Mbonyeze nini?"

"Si kile kitufe cha kufungua tena kadi. Kawaida mara mbili inatosha."

Bi Shaka aliweka kalamu chini. "Kawaida ya tangu lini?"

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi, lifti hakuiangalia hata kwa jicho, mpaka duka la dawa. Pale, juu ya kompyuta, kilibandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono mzuri: *Kadi ikiwa tupu, bonyeza tena.* Kingo zake zilikuwa zimeanza kukunjamana kwa uzee.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliona ndivyo ilivyo, mama," mtoa dawa alisema. "Ukibonyeza tena inakuja. Asubuhi haina shida, ni mchana tu. Tukajua imechoka, kama sisi."

"Na ile sehemu ya tahadhari, dawa isiyomfaa mgonjwa? Nayo inakuwa tupu?"

Mtoa dawa alitazama kikaratasi, akamtazama yeye, na uso ukambadilika. "Sisi huwa tunabonyeza tena," alisema. "Mimi huwa nabonyeza. Wenzangu sijui."

Bi Shaka alirudi juu, akairudisha Moja kazini, kisha akamzunguka Bawabu na kuiomba Tatu ana kwa ana: nifungulie kadi ya majaribio. Jibu lilikuja kabla hajatoa kidole. Kadi tupu, nyeupe kama sahani iliyooshwa. Akaomba tena, tupu. Mara kumi, mara kumi tupu, na kila moja kwa kasi ya kupendeza.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Ili kusoma kadi, seva hufungua njia ya kwenda kwenye hifadhidata, ghala la kadi zote, ikishamaliza inaifunga. Fundi wa mkataba alikuwa amesahau kuipangia Tatu kuzifunga njia zake. Kila alfajiri ilijiwasha upya, asubuhi ikafanya kazi vizuri, na kufika mchana njia zote zimejaa, haina tena pa kupita. Toka hapo ilitoa kadi tupu. Na kwa kuwa kutoa kadi tupu hakuna kazi, ilimaliza upesi. Na kwa kuwa ilimaliza upesi, Bawabu akairundikia wagonjwa zaidi; aliyebonyeza tena alibahatika tu kuangukia kwa Moja au Mbili. Ilikuwa na kasi kwa sababu haikuwa inafanya chochote.

Kilichobaki ni kujua kwa nini Bawabu hakugutuka. Bi Shaka alifungua pale lilipoandikwa swali la Bawabu, akiwa tayari na jina la mtu wa kumtia kwenye barua. Swali lilikuwa mstari mmoja. Liliuliza tu, "Hujambo?" na seva ilitakiwa kusema, "Sijambo," neno lililoandikwa kwenye faili moja dogo, ambalo hata seva isiyoona hifadhidata inaweza kulisoma mpaka kiama. Juu ya mstari palikuwa na maelezo ya aliyeuandika, na tarehe ya miaka sita iliyopita. Jina lilikuwa lake mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliusoma mstari ule mara tatu. Aibu ilimpanda kutoka shingoni, na hapakuwa na mtu wa kumgawia. Ugonjwa ulikuwa wa fundi, lakini aliyeufundisha mtambo wote kusema uongo alikuwa ni yeye, kwa kuuliza salamu na kuridhika na salamu.

Aliifuta barua. Akalifuta na swali. Mahali pake akaandika jipya: Bawabu asiulize tena hali, aombe kazi. Nifungulie kadi ya majaribio, nisomee jina, kundi la damu na dawa ya hatari. Ukishindwa hata kimoja, kaa pembeni.

Sekunde tano baadaye taa ya Tatu ikawa nyekundu kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Moja na Mbili zikaanza kuhema, zikabeba. Chini, mtoa dawa alipiga simu kusema kadi zinakuja polepole lakini zinakuja kwa kubonyeza mara moja tu. Bi Shaka alimwambia akibandue kile kikaratasi, na awaite wote waliopewa dawa mchana kwa miezi miwili iliyopita, kadi zao ziangaliwe upya, moja moja. Kisha alimpigia fundi wa mkataba, akamweleza njia zisizofungwa, na akamweleza pia swali lililoandikwa vibaya na la nani. Yule fundi akasema, "Pole, mama. Nakuja sasa hivi." Hakusema "mtoto wangu" hata mara moja.

Saa kumi kasoro. Alikaa kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaitazama taa nyekundu ya Tatu, ile iliyokuwa haiwezi hata kidogo kuchelewa kujibu. Anayejibu haraka hivyo, aliwaza, ni kwa sababu hana kazi nyingine.

Macho yake yakashuka kwenye simu.

Baba alikuwa mtu wa uani. Maisha yake yote, ukimpigia, simu iliita mpaka ikachoka, kwa kuwa yeye yuko bustanini na simu iko sebuleni. Tangu lini alikuwa akipokea kabla ya mlio wa pili? Bi Shaka alijaribu kukumbuka, akaona ni miezi, na akaona kwamba kila siku ya miezi hiyo aliifurahia ile haraka na kujisifu nayo.

Alipiga. Mlio haukuisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Mara mbili kwa siku? Kuna jambo?"

Hakumwuliza hali. "Baba, nina ombi. Nenda nyuma ya nyumba sasa hivi, uniangalizie mapapai mangapi yameiva. Nakusubiri kwenye simu."

"Sita," baba alisema papo hapo.

"Baba, komeo la mlango wa nyuma halijalia."

Lile komeo lilikuwa linalia tangu wao wakiwa watoto. Kila mtu mtaani alijua mzee anapotoka.

"Siwezi kufika huko, mwanangu," baba alisema mwishowe.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Miguu. Jirani hunipikia, Mungu ambariki. Siku alipokuja kaka yako, jirani alinikalisha kitini mapema, nikaonekana mtu."

"Kila siku nakuuliza, baba! Kila siku!"

"Unaniuliza nimeamkaje." Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma. "Kuamka naamka. Tena una haraka, una kazi zako. Ningeanza kukueleza miguu saa hiyo ya asubuhi?"

Bi Shaka alimwambia anakuja leo hii. Alizima kioo chake, akachukua mkoba, akatoka bila kuusukuma mlango. Kwenye ngazi alisimama, akatafuta namba ya kaka yake, na akakaa nayo kidoleni kwa muda, kwa sababu alikumbuka neno la nyumba. Akapiga.

Kaka alipokea kwa sauti ya mtu ambaye bado ana donge. "Hujambo, mdogo wangu?"

Neno *sijambo* lilikuwa tayari mdomoni, limekaa pale pale linapokaa siku zote. Bi Shaka alilimeza.

"Sipo sawa, kaka," alisema. "Na baba hayupo sawa. Njoo unisaidie kumbeba."