Jina la Kiingereza cha Kwanza

Harufu ya sweta la sufu linalokaukia karibu na jiko la mkaa hunirudisha Kilolo. Ninyi mnaoijua baridi ya kule mtanielewa. Nilikuwa kidato cha kwanza, na ilikuwa siku ya wazazi; ukumbi umejaa, madirisha yamefungwa kuzuia ukungu.

Baba yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa na kitabu kikuukuu kilichokiita Kiingereza cha mwanzo kabisa Kianglosaksoni. Jioni alinikaririsha jina hilo huku nikimenya viazi. Mwalimu Sanga, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, alitufundisha kwamba jina sahihi ni Kiingereza cha Kale, na lile jingine limepitwa na wakati. Nilipomweleza baba, alitabasamu, akasema kitabu chake kilichapwa mwalimu huyo hajazaliwa. Nikaendelea kumenya viazi.

Siku ile kwenye chemshabongo tulibaki wawili, mimi na Neema. Mwalimu Sanga akanisomea swali langu la mwisho: Kiingereza cha mwanzo kabisa kinaitwaje?

Baba alikaa mstari wa mbele. Midomo yake ililitamka jina la kitabu chake taratibu, bila sauti. Mwalimu naye alinitazama kwa matumaini, maana ndiye aliyenichagua. Nikitaja jina la mwalimu, namwumbua baba mbele ya majirani. Nikitaja la baba, namwumbua mwalimu mbele ya mkuu wake. Nilitazama mlango, watu walikuwa wameuziba. Mama alizoea kusema mdomo uliofumbwa hauingii nzi.

"Sijui," nikasema.

Watu wakaguna. Neema akapewa kamusi, zawadi ya mshindi.

Njiani, tulipofika kwenye mashamba ya njegere, baba akanigeukia.

"Ulikuwa unalijua," akasema.

"Nilikuwa nayajua yote mawili, baba."

Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze shule. Tukaenda hivyo hadi nyumbani.

Miaka mingi baadaye, chuoni Mbeya, nilisoma kwamba majina yote mawili yametumiwa na wataalamu, na kwamba wenyewe waliokizungumza walikiita Kiingereza tu. Nilicheka peke yangu maktabani, kisha machozi yakanitoka. Baba alitaka kusikia kwamba bado ni mwalimu. Mwalimu Sanga alitaka kusikia kwamba ameshakuwa mwalimu. Mimi nilidhani nimewaokoa wote. Kumbe kila mmoja alirudi kwake mikono mitupu.